Bao la Trei za Mayai



Somo yangu alinifunza mengi kabla sijaolewa. Alinifunza kufukiza udi, kusugua singo, wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza. Hakunifunza nifanye nini saa nane mchana Dodoma, mume yuko kazini Mtumba, vyombo vimeshaoshwa, na upepo wa vumbi unagonga bati kama mtu anayedai deni.

Nilihamia huku miezi miwili baada ya harusi. Sikuwa na ndugu wala kazi, na kila nikimpigia mama simu nilikuwa nakata nikiwa nalia. Nilichokuwa nacho ni ubuyu. Kwetu Unguja tunajisifu kwa ubuyu wetu, kumbe mibuyu imejaa huku! Nikawa namung'unya na kuziweka mbegu kwenye kikombe, mpaka siku moja nikazitazama nikamkumbuka babu.

Babu alikuwa mcheza bao. Wanawake hatukai baraza ile, lakini dirisha letu lilikuwa juu ya vichwa vyao, na miaka yote ya skuli nilichambua mchele pale nikiwatazama. Nilijua kunamua na kucheza mtaji. Nilijua ukila kwenye kimbi lazima uanzie kichwa kilicho karibu. Kete sikuwahi kuzigusa hata siku moja.

Basi nikachukua trei mbili za mayai. Trei moja ina mashimo 30. Nikaziunga kwa uzi, nikakata, nikabakisha safu 4 za mashimo 8. Nyumba mbili nikazitia hina. Mbegu 64, kila upande 32: sita ndani ya nyumba, mbili mbili kwenye mashimo mawili ya kuliani kwake, na 22 zilizobaki nikazitia ghalani, yaani kwenye bakuli la uji. (Mwalimu Nyerere, ambaye wakati wake, mwaka 1973, iliamuliwa makao makuu yaje Dodoma, naye alikuwa mpenzi wa bao. Najiambia alijua mchana wa huku utakavyokuwa mrefu.)

Bao ukilicheza peke yako halikusumbui kama karata, maana hakuna kinachofichwa. Unacheza upande huu, unainuka, unazunguka mkeka, unakaa upande wa pili. Pande zangu nikaziita Dirishani na Mlangoni, na nikawa nazisemesha. Jirani yangu, mama wa Kondoa, alikuja kuomba chumvi akanisikia nasema, "Haya cheza, zamu yako." Akachungulia, hakuona mtu. Alisoma Ayatul Kursiy palepale! Ilibidi nimkalishe nimfundishe ndipo akaamini kwamba sikuwa nacheza na wale wasiotajwa.

Najua mtaniuliza kuhusu dini. Dadu imekatazwa katika Hadithi, na sataranji wanavyuoni wamehitilafiana. Katika fiqhi yetu ya Kishafii, mchezo unaosimama juu ya hesabu na fikra hauharamishwi, maadamu hamna kamari wala haukushughulishi ukaacha Sala. Hilo la mwisho ndilo lililonipata. Siku moja nilimaliza mchezo nikainua kichwa, jua limezama, Alasiri imenipita. Nililia juu ya mswala. Tangu siku hiyo adhana ikisikika nafunika bao kwa kanga, hata kama nimebakisha kete moja kushinda.

Sasa niwaambie la Idi. Idi ya kuchinja iliangukia ndani ya Bunge la bajeti, ambalo huku linashika Aprili mpaka mwisho wa Juni, na mume wangu akasema hatwendi Unguja. Hakueleza. Nikashinda siku nzima nikigombana naye kichwani: nitasema hivi, atajibu hivi, nitamwambia hivi, atakosa la kusema.

Usiku, nikimngoja, nikafungua daftari langu la bao. Dirishani 11, Mlangoni 3. Mchezaji ni mmoja, akili ni moja. Vipi upande mmoja ushindwe hivyo? Nikaona aibu peke yangu. Mlangoni nilikuwa namchezea harakaharaka ili nirudi dirishani kwangu. Basi nikakaa mlangoni nikahesabu kwa kweli, karibu robo saa kwa kete moja. Nikaona kwamba nyumba ya Dirishani, ile niliyokuwa nikiirundikia kete na kuringa nayo, inaliwa yote kwa mara moja.

Mume wangu alifika saa nne. Nilimpa chai. Maneno niliyokuwa nimeyapanga sikuyasema. Nilimwuliza tu, "Umechoka na nini, habibi?" Alikaa kimya mpaka chai ikapoa, kisha akaniambia ameomba ruhusa mara tatu akakataliwa, na aliona haya kuja kunieleza mimi, aliyeniahidi mbele ya baba yangu kwamba Idi zote nitakuwa kwetu.

Nilikwenda peke yangu, wiki moja, kwa baraka zake. Nilirudi na kete za komwe za babu zilizofungwa kwenye kanga, na kabla ya mwezi kwisha fundi alikuwa ameshatuchongea bao la mninga. Mume wangu hucheza nami Ijumaa baada ya Sala, na anacheza vibaya, Mungu amhifadhi. Siku nyingine nacheza peke yangu, na sitaki mwenzangu. Jana usiku daftari lilisema Dirishani 26, Mlangoni 24.