Tumesema, Lakini Je, Tumeeleweka?

Akina mama wenzetu, kuna neno moja dogo linalotupa kazi kubwa sisi tunaohudumu katika kliniki za mama na mtoto hapa Bariadi. Neno hilo ni "ndiyo". Tunamweleza mama namna ya kutumia dawa, kisha tunamwuliza, "Umeelewa, mama?" Naye anajibu, "Ndiyo." Anamfunga mtoto mgongoni na kuondoka. Je, ameelewa kweli?

Tuchukue mfano wa mtoto anayeharisha. Pakiti ya unga wa ORS, ile ya kawaida, huchanganywa na lita moja ya maji safi na salama. Mama akishika neno "chupa moja" tu, akatumia chupa ya soda ya nusu lita, chumvi inazidi na inaweza kumdhuru mtoto yule yule tunayetaka kumwokoa. Muuguzi alisema, na mama alitii. Lakini ujumbe uliofika nyumbani siyo ule ulioondoka kliniki.

Wataalamu wamelifikiria jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1948 Mmarekani Claude Shannon, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za kampuni ya simu ya Bell, alieleza mawasiliano kama safari. Kuna chanzo cha ujumbe, kuna chombo cha kuutuma, kuna njia, kuna kelele zinazouingilia, na mwisho kuna anayeupokea. Nasi tunazijua kelele hizo. Siyo mngurumo wa pikipiki peke yake. Kwa mama aliyetembea tangu alfajiri na mtoto mgonjwa, njaa ni kelele na hofu ni kelele. Kwa bibi aliyezoea Kisukuma tangu utoto, Kiswahili cha vitabuni nacho ni kelele.

Lakini Shannon alishughulika na mitambo, na alisema wazi kwamba maana ya ujumbe haikuhusu tatizo lake la kiufundi. Binadamu siyo waya wa simu. Mwaka 1954 Mmarekani mwingine, Wilbur Schramm, alieleza kwamba watu huelewana pale ambapo mambo waliyoyapitia maishani yanakutana, na kwamba anayesikiliza naye hurudisha ujumbe kwa msemaji. Huo ndio mrejesho. Bila mrejesho, msemaji hajui maneno yake yametua wapi.

Nchi yetu iliwahi kulitumia somo hili. Mwaka 1973, wakati Bariadi ingali katika Mkoa wa Shinyanga, kabla ya Mkoa wa Simiyu kuanzishwa mwaka 2012, kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Redio ilifundisha juu ya malaria, kichocho, kuhara na magonjwa mengine. Lakini watu hawakuachwa wasikilize tu. Walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua watafanya nini kijijini kwao. Karibu watu milioni mbili walishiriki, na vyoo vingi sana vilichimbwa. Redio ilisema, lakini mazungumzo ya kikundi ndiyo yaliyoshika jembe.

Turudi kwenye ile "ndiyo". Hapa kwetu binti aliyelelewa vizuri hupiga goti anapomsalimu mkubwa, wala hambishii. Adabu hiyo ni njema, na hatupendi ipotee. Ila "ndiyo" yake huenda ina maana ya "nakuheshimu", siyo "nimeelewa". Kwa hiyo tusimwulize kama ameelewa. Tumwambie, "Mama, nataka nijue kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani utaichanganyaje dawa hii? Utatumia chombo gani?" Hapo mzigo unakuwa juu ya aliyeeleza, wala mama haoni kwamba anapewa mtihani. Akitaja chupa ya soda, tunamshukuru, tunaleta chombo cha lita moja na kuchanganya pamoja. Dakika mbili hizo zinaweza kuokoa mtoto.

Na nyumbani je? Mara ngapi pamba inauzwa, mama anataja ada ya watoto, baba anajibu, "Nimesikia," halafu kila mmoja anaondoka na maana yake? Mama anahesabu ada imelipwa. Baba anahesabu ng'ombe. Siku shule inapofunguliwa panazuka ugomvi, na kila mmoja anaapa kwamba alisema ukweli. Kweli walisema wote wawili. Hawakurudishiana tu. Mama angeweza kuuliza kwa upole, baada ya chakula, "Baba Fulani, basi tumekubaliana vipi?" Swali hilo halimvunjii mume heshima. Linampa nafasi ya kusema kwa kinywa chake mwenyewe.

Kwa binti anayekua ni hivyo hivyo. Tukimhutubia saa nzima juu ya mwili wake na juu ya wavulana, akainamisha kichwa na kusema "sawa mama", tusidhani tumemaliza. Tumwombe atueleze yeye anavyoona, kisha tunyamaze. Tusimkatize hata akisema jambo la kutushtua, maana akikatizwa leo, kesho atakwenda kumweleza mwingine.

Wiki hii tujaribu, akina mama. Kabla ya kusema, "Nimeshamwambia," tujiulize kwanza, "Naye amenirudishia nini?"