Upeo wa Ziwa na Jicho la Kamera
Aghalabu kifaa kikongwe huhukumiwa kabla ya kuchunguzwa. Kijana mmoja wa Gungu alibakiwa na fremu mbili tu za filamu, na baba yake mkubwa alitaka picha ya mtumbwi wake ukiwa Ziwa Tanganyika kabla haujauzwa. Kamera, ya kizazi kilichofunguliwa na Minolta 7000 mwaka 1985, ilikataa: lenzi ilikwenda na kurudi bila kutua. Akabadilisha betri, akapangusa viunganishi vya lenzi, wapi! Ndipo alipobaini kwamba fokasi ile hulinganisha taswira mbili kwa kufuata mistari ya wima, ilhali upeo wa maji na ubavu wa mtumbwi vyote vililala. Akaisimamisha kamera kiupande, akabonyeza kitufe nusu, akairudisha, akapiga. Kumbe haikuwa mbovu. Ilionyeshwa mistari isiyoweza kuisoma.