Mgonjwa Mmoja, Nyumba Nzima

Maradhi ya akili humshika mtu mmoja, lakini huugua nyumba nzima. Hayo nimeyajua kwa kuchelewa, tena kwa habari iliyotoka mbali.

Mwanafunzi wangu wa zamani, aliyekwenda Uchina kusoma katika mji wa Guangzhou, alinihadithia habari za jirani zake wa huko. Mwana wao wa pekee alishikwa na skizofrenia, maradhi yamfanyayo mtu asikie sauti zisizokuwapo na kuwadhania watu ubaya. Baba akawa hamsemeshi ila kwa kumgombeza, akimwita mvivu. Mama naye akawa humfanyia kila jambo, hata kumwosha uso. Na mgeni akibisha hodi, kijana hufungiwa chumbani, kwa kuchelea aibu ya ukoo.

Nyumba kama hiyo si moja. Huko Uchina wagonjwa wengi wa namna hii hukaa na wazee wao. Na kwa kuwa tangu 1980 hata mwisho wa 2015 serikali iliwazuia watu wengi wasizidishe mtoto mmoja, mara nyingi mzigo wote huwa juu ya baba na mama wanaozeeka, wala hapana mwana mwingine wa kuwapokea.

Madaktari wa huko walizichunguza nyumba hizo, wakaona kwamba penye lawama na ukali maradhi hurejea upesi. Wakawafunza watu wa nyumbani asili ya maradhi, dalili za kurejea kwake, haja ya kutokatiza dawa, na kusema kwa upole. Matokeo yaliyotangazwa 1994 yalionyesha kuwa wagonjwa wa nyumba zilizofunzwa walipungua kurudishwa hospitali.

Wale jirani nao walifunzwa hivyo. Kijana hakupona kabisa, lakini sasa huenda sokoni peke yake kununua mboga, na baba yake humngoja mlangoni.

Niliposikia hayo nilinyamaza. Marehemu ndugu yangu alikuwa akisema peke yake barazani, nami nikimkemea mbele ya wanafunzi, nikidhani ukali ni dawa. Sikumpeleka kwa daktari hata siku moja. Namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe. Ama wewe uliye na mgonjwa nyumbani, wako yungali hai: usimfiche, mpeleke atibiwe, na kesho asubuhi umwamkie kama unavyowaamkia wengine.