Mguu wa Mjomba na Profesa Sarungi

Alipofariki Profesa Philemon Sarungi, tarehe 5 Machi 2025, mabarazani kwetu Mji Mkongwe wengi walimtaja kama waziri. Sawa, uwaziri alishika, wa afya na hata wa ulinzi. Lakini mie jina lake nililisikia kwanza kwa mjomba wangu, na mjomba habari za siasa hana.

Mjomba alikuwa mkwezi, Makunduchi. Miaka ya 90 akaanguka mnazini, mguu ukavunjika vibaya. Fundi wa kuunga akaufunga kwa vibanzi, ukazidi kuvimba. Watu wakaanza kunong'ona: huu wa kukatwa tu. Jamani, mkwezi bila mguu atakula nini? Ikabidi boti, Malindi mpaka Dar, moja kwa moja Muhimbili.

Hakupasuliwa na Sarungi. Profesa wakati huo kashaingia kwenye siasa. Aliyempasua ni daktari kijana, mpole, na mjomba kwa udadisi wake akamuuliza kazi ile kafundishwa na nani. Ndipo akatajiwa Sarungi: mtu wa Rorya, aliyezaliwa 1936, akasomea udaktari Hungaria, akarudi kuwafundisha vijana upasuaji wa mifupa hapo hapo Muhimbili. Taasisi ya mifupa ya MOI, iliyoundwa 1996, inamhesabu miongoni mwa waasisi wake.

Nilipompelekea mjomba habari ya msiba hakusema kitu. Akapandisha kikoi, akalipapasa kovu, kisha akauliza mazishi lini.