Nyoka Aliyeletwa Kufundisha

Nyoka mla mayai hana sumu, wala meno ya kuogopwa. Humeza yai zima la ndege, akalipasua kwa mifupa iliyochomoza ndani ya koo lake, akanywa kilichomo, kisha akalitema ganda. Akitishwa hujipinda na kusugua magamba ya ubavuni, na sauti inayotoka ni kama ya maji yaliyodondokea mafuta moto kikaangoni. Hapo hata anayemjua husita. Kujifananisha na nyoka wenye sumu ndiyo silaha yake yote.

Nilimwona mmoja akionyeshwa watu chini ya mwembe, katika kijiji kimoja cha Kilifi, mkononi mwa kijana aliyefunzwa kazi hiyo. Watoto walirudi nyuma, wakasogea, wakarudi tena. Msichana mmoja akanyoosha kidole, akamgusa mgongoni, akageuka kuwaambia wenzake kwamba kumbe nyoka ni mkavu. Nilifurahi sana, maana kwetu nyoka huuawa kwanza, jina lake likaulizwa baadaye.

Ndipo mzee mmoja akauliza, "Mwanangu, huyu mmemtoa wapi?"

"Darini, mzee, kwenye makuti. Mwenye nyumba alituita."

"Na kwake mtamrudisha?"

Kijana akasema watamwachia porini, si mbali. Mzee akatikisa kichwa, nami sikujua kama ameridhika au amesikitika.

Swali lile sijalimaliza. Nyoka anayajua mashimo yake, na mahali pa kujificha jua likiwa kali. Wataalamu wameona kwamba baadhi ya nyoka wanaohamishwa mbali hutangatanga kuliko wenzao, na wengi wao hufa mapema. Basi tunamtoa ili aepuke fimbo, tunamtembeza ili watu wajifunze kumwacha, na huenda katika wema huohuo tumempotezea makao. Lakini angebaki darini, je, angeliona jua la kesho? Kila nikidhani nimepata jibu, upande wa pili huniita.

Kinachonipa moyo kiko Watamu. Huko, mwaka 1980, James Ashe, ambaye kabla ya hapo alisimamia bustani ya nyoka ya makumbusho ya Nairobi, alianzisha na mkewe Sanda kituo cha Bio-Ken. Watu wa kituo hicho huitwa majumbani kuondoa nyoka, bila malipo. Nikifikiri vizuri, naona somo lenyewe ni ule wito. Mtu aliyezoea kushika fimbo ameshika simu, akangoja, nyoka akiwa bado chumbani. Kungoja huko kunataka ujasiri kuliko kumgusa nyoka asiye na sumu mbele ya umati.

Na kidole cha yule msichana, kilichonifurahisha, sasa kinanitia wasiwasi pia. Kifutu, nyoka mwenye sumu, hulala kimya njiani, akitegemea rangi yake imfiche, wala hakimbii unapomkaribia. Mtoto aliyefundishwa kwamba nyoka ni mpole atamtambuaje? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, wengi wao wakiwa watu wa mashambani kama sisi. Kupunguza hofu bila kuacha tahadhari mahali pake naona ni kazi iliyofanywa nusu. Labda kifutu ndani ya sanduku la kioo, akitazamwa tu bila kuguswa, ni mwalimu bora. Labda. Ila najua pia kwamba bila kile kidole wale watoto wasingesikiliza maneno yaliyofuata, na maneno hayo ndiyo yanayookoa maisha: usichanje jeraha, usifunge kamba ya kukaza, usipoteze saa ukitafuta jiwe la kunyonya sumu. Mtulize aliyeumwa, kiungo kisichezechezwe, apelekwe hospitali upesi.

Nawe msomaji, ukimkuta nyoka ndani, watoe watoto, simama mbali, usimwondolee macho mpaka afike anayeijua kazi. Tafuta namba ya mtu huyo leo, kabla hujamhitaji. Akishamchukua, muulize anampeleka wapi.