Honi Nayo ni Sauti

Ndugu msomaji, atokaye Usa River kwenda Arusha mjini huwa na Mlima Meru mkono wake wa kuume. Kimo chake chapita mita 4,500, nao umetulia kimya. Chini yake sisi wenye magari hatutulii.

Jumamosi moja, siku ya gulio la Tengeru, nilikuwa nikiwahi darasa la alasiri, na mwanafunzi wangu mmoja ameketi kando yangu. Barabara ilijaa malori, daladala na bodaboda. Mara gari la mbele likasimama. Nikapiga honi, halikusogea. Nikapiga tena kwa hasira.

Kumbe mbele yake alikuwapo bibi kizee akivuka penye milia, na kapu la ndizi kichwani. Kwa mshituko wa honi yangu kapu likaanguka, ndizi zikatawanyika. Dereva yule akashuka kumwokotea.

Mtoto akaniuliza kwa adabu, "Maalim, majuzi ulitusomesha wasia wa Luqman kwa mwanawe, juu ya mwendo na sauti. Je, honi nayo ni sauti?"

Sikuwa na jibu. Nikashuka, nikaokota pamoja nao. "Shikamoo, bibi. Niwie radhi."

"Marahaba, mwanangu. Ndizi zaokoteka. Je, ningalianguka mimi?"

Darasani nilichelewa, lakini somo la siku ile nilikwisha kulipata njiani. Enyi vijana, aliyesimama mbele yako huenda anaona usiloliona wewe. Mwenyezi Mungu atujaalie subira. Amin.