Kutoka Ng Hadi Nk

Barabara ya Embu kwenda Meru inazunguka Mlima Kenya upande wa mashariki, na mimi huisafiri nikisoma vibao. Upande wa Embu nasoma Ngandori na Nginda. Tukivuka Mto Thuci, tukapita Chuka na lile bonde la Nithi linalowatoa madereva jasho, tukaingia Imenti Kusini, vibao vinabadilika: Nkuene, Nkubu, na huko mbele Ntima. Mwembu anayesema ngoro na Mmeru anayesema nkoro wote wanataja moyo. Mundu wa kule, yaani mtu, ni muntu wa hapa. Ila kanuni hii ya ng kuwa nk na nd kuwa nt ina ukaidi wake. Mbuzi ni mburi kote kuwili, na baraza la wazee wa Meru, Njuri Ncheke, limechanganya sauti za aina zote mbili, nj na nch, katika jina moja.

Nkubu ni mji wa soko: ndizi, kahawa, hospitali ya Consolata, na agroveti kila baada ya hatua chache. Katika mojawapo nilimkuta mwanafunzi aliyetumwa dawa ya kuogeshea ng'ombe.

“Mzee, agriculture na agrovet ni ndugu?”

Ni binamu. Agri ni Kilatini, agro ni Kigiriki, na yote mawili ni shamba.

“Na agree?”

Hilo si la ukoo huo. Limepitia Kifaransa kutoka neno la Kilatini la kupendeza. Herufi tatu za mwanzo zimekutana njiani tu. Hata vet ya kwenye kibao, iliyokatwa kutoka jina refu la daktari wa mifugo, haina uhusiano na veto, ambayo kwa Kilatini ni “nakataza”. Kiingereza kimekopa kwa wengi, kwa hiyo herufi za mwanzo humdanganya msomaji mara nyingi.

Kwetu mwanzo wa neno una kazi nyingine. Mkulima, kilimo na ulimaji havianzi sawa, bali lima imo ndani ya vyote, na kamusi ya Kiswahili ya Johnson ya 1939 ilivikusanya chini ya kitenzi hicho. Mwanafunzi alikuwa na mfano wake nyumbani: murimi wa Kimeru ana mzizi huohuo. Binafsi naona mpangilio wetu ni mwaminifu zaidi, ingawa unamtesa anayeanza kutumia kamusi.

Mwenye duka alikuwa ameshapima dawa. “Kijana, Kilatini utamalizia shuleni. Kupe hawangoji.”